Zabuni Huandikwa Kabla ya Jenerali Kustaafu

Alfajiri ya tarehe 5 Januari 2020, al-Shabaab walipouvamia uwanja wa ndege wa kambi ya Manda Bay, Lamu, Wamarekani watatu waliuawa. Askari alikuwa mmoja. Wawili walikuwa waajiriwa wa L3, kampuni iliyokuwa na kandarasi ya kazi za upelelezi wa angani. Ndege sita zilizoharibiwa siku hiyo, nyingine kidogo, nyingine kabisa, zilikuwa zikiendeshwa na wakandarasi. Hasara ilikadiriwa kufika dola milioni 71.5. Matokeo ya uchunguzi yalipotangazwa Machi 2022 yalilaumu ulinzi duni na mazoea ya kudhani hakuna baya litakalotokea. Mabarazani Lamu yalisemwa hayo hayo, na kwa uchungu zaidi, maana huku kila shambulio huja na vizuizi vyake, baharini na barabarani.

Lisilosemwa sana ni namna kazi ya jeshi ilivyofika mikononi mwa kampuni. Kuna mtu aliyekaa ofisini akaandika kwamba kazi hii itolewe nje, akaeleza ndege ziwe za aina gani, saa za kuruka ziwe ngapi kwa mwezi na malipo yawe ya mtindo gani. Mtu huyo ana umri wa kustaafu, ana watoto wa kusomesha, na anajua ni kampuni ngapi duniani zinazoweza kumwajiri baadaye kwa ujuzi alio nao. Kwa kawaida ni chache mno.

Huo ndio unaoitwa mlango unaozunguka: ofisa anatoka serikalini akaingia kwenye kampuni aliyokuwa akiisimamia, na mwenye kampuni anaingia serikalini akasimamie wenzake. Wengi huuogopa pale mstaafu anapotumia simu yake kuwapigia wenzake wa zamani, na sheria nyingi zimetungwa kwa ajili ya simu hiyo. Hoja ya makala haya ni kwamba madhara makubwa hutokea mapema zaidi, mtu akiwa bado yuko kazini, kalamu ikiwa bado mkononi mwake.

Tuanze na takwimu. Mwaka 1969 Seneta William Proxmire aliorodhesha maofisa wastaafu 2,072 wa cheo cha kanali au cha kapteni wa jeshi la majini kwenda juu, waliokuwa wakifanya kazi kwenye kampuni 100 zenye kandarasi kubwa zaidi za Pentagon, yaani Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Nusu karne baadaye GAO, ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, ilihesabu kwamba mwaka 2019 kampuni 14 kubwa pekee zilikuwa zimewaajiri watu 1,718 waliotoka Wizara ya Ulinzi miaka ya karibuni wakiwa maofisa wa juu au wa ununuzi. Hesabu hizo mbili hazikufanywa kwa kipimo kimoja, kwa hiyo si haki kuzilinganisha moja kwa moja. Lakini angalia kilichobadilika katikati yake. Wizara yenyewe inakiri kwamba tangu miaka ya 1990 kampuni kuu za anga na ulinzi zimeungana kutoka 51 hadi 5: Lockheed Martin, RTX iliyokuwa ikiitwa Raytheon, Boeing, General Dynamics na Northrop Grumman. Wauzaji wakiwa watano na mnunuzi mmoja, anayetoka kwa mnunuzi hana pa kwenda ila kwa mmoja wa hao watano.

Na juu kabisa hali ni hiyo hiyo. James Mattis alitoka kwenye bodi ya General Dynamics akawa Waziri wa Ulinzi mwaka 2017, na mwaka 2019 akarudi kwenye bodi ile ile. Patrick Shanahan aliyemkaimia alikuwa ametumikia Boeing kwa zaidi ya miaka 30. Mark Esper, waziri siku Manda iliposhambuliwa, alikuwa ameongoza kazi ya ushawishi ya Raytheon kule Washington, yaani kuibembeleza serikali kwa niaba ya kampuni, tangu 2010 hadi 2017. Lloyd Austin, ambaye wizara yake ilirudia uchunguzi wa Manda mwaka 2021, alitoka kwenye bodi ya Raytheon, na ilibidi Bunge limpe ruhusa maalumu kwa sababu miaka saba inayotakiwa tangu avue sare ilikuwa haijatimia. Kampuni ya Raytheon haikutajwa kwa kosa lolote la Manda, wala mawaziri hao hawakushtakiwa kwa lolote. Ninachosema ni kwamba pale juu, mtu asiye na historia ya kampuni hizo ndiye aliyekuwa wa kutafutwa.

Sasa, mlango huu hufanyaje kazi? Kesi inayoeleza vizuri kuliko zote ni ya Darleen Druyun, kwa sababu ndiyo iliyofika mahakamani na mwenyewe akakiri. Druyun alikuwa mtumishi wa juu wa ununuzi katika Jeshi la Anga la Marekani. Mwaka 2000 binti yake na mchumba wa binti huyo waliajiriwa na Boeing baada ya yeye kuwaombea. Miaka miwili baadaye alikuwa akijadiliana na Boeing hiyo hiyo kuhusu kukodi ndege 100 za kujazia mafuta angani, mpango wa zaidi ya dola bilioni 20. Oktoba 2002, kabla hajajiondoa kwenye majadiliano, alikutana na mkuu wa fedha wa Boeing, Michael Sears, kwenye uwanja wa ndege wa Orlando wakaongea kuhusu kazi yake mpya. Mwezi uliofuata ndipo alipotangaza kujiondoa. Januari 2003 akaanza kazi Boeing.

Oktoba 2004 alihukumiwa kifungo cha miezi tisa, na Sears akapata miezi minne. Mkurugenzi mkuu wa Boeing, Phil Condit, alikuwa ameshajiuzulu. Mwaka 2006 kampuni ikalipa dola milioni 615 kumaliza madai. Lakini lenye uzito ni maneno aliyoyakiri mbele ya hakimu: kwamba alikubali bei ya juu kuliko aliyoiona kuwa ya haki, kama zawadi ya kuagana na Boeing, na kwamba alikuwa ameipendelea kampuni hiyo kwenye kandarasi nyingine pia, ikiwamo ya kuboresha vifaa vya ndege za C-130 iliyotolewa mwaka 2001. Hakuna bahasha iliyopita mkono. Hakuna akaunti ya Uswisi. Kilichokuwapo ni ajira za watoto na matumaini ya ajira yake mwenyewe. Jeshi nalo likakaa bila ndege hizo: mpango ukafutwa, zabuni ikarudiwa, ikapingwa, ikarudiwa tena, na mshindi wa mwisho akapatikana Februari 2011. Akawa Boeing.

Anayependa kusema hayo ni ya mtu mmoja mwenye tamaa, na aangalie mfano usiokuwa na kosa la jinai hata kidogo. Mwaka 1992, Dick Cheney akiwa Waziri wa Ulinzi, Pentagon iliilipa Brown & Root, kampuni tanzu ya Halliburton, dola milioni 3.9 ichunguze kama kazi za kulisha, kulaza na kusafirisha askari zinaweza kutolewa kwa mkandarasi. Jibu lilikuwa ndiyo. Mwaka huo huo Brown & Root ikashinda kandarasi ya miaka mitano ya kufanya kazi hizo. Mahali pa kwanza ilipojaribiwa ni jirani yetu Somalia, wanajeshi wa Marekani walipoingia Mogadishu Desemba 1992. Cheney alitoka serikalini mwanzoni mwa 1993, na mwaka 1995 akawa mkuu wa Halliburton. Hakukuwa na sheria iliyovunjwa. Aliyeandika maelezo ya kazi ndiye aliyeipata kazi, na waziri wa wakati ule akaja kuwa bosi wake.

Ndiyo maana inafaa kuzisoma sheria za Marekani kwa jicho la fundi. Kuna zuio la maisha: ukishughulikia jambo mahususi, kama kandarasi fulani, huruhusiwi kamwe kurudi serikalini kuitetea kampuni kwa jambo hilo hilo. Kuna zuio la miaka miwili kwa mambo yaliyokuwa chini ya usimamizi wako. Kuna zuio la mwaka mmoja kwa wakubwa kuwasiliana na idara waliyotoka. Sheria nyingine inamkataza ofisa aliyeamua kandarasi ya zaidi ya dola milioni 10 kupokea mshahara wa mshindi kwa mwaka mmoja. Tangu bajeti ya ulinzi ya mwaka wa fedha 2018, majenerali na maadmeri wa nyota tatu na nne hawaruhusiwi kuishawishi wizara kwa miaka miwili, na wa nyota moja na mbili kwa mwaka mmoja.

Zimepangwa vizuri, lakini zina matundu. Zuio nyingi zinamkataza mstaafu kusimama mbele ya serikali. Hazimkatazi kukaa ofisini kwa kampuni na kuwaeleza waandishi wa zabuni ni nani kwenye kamati anajali bei na nani anajali muda wa kukabidhi. Zuio la malipo linaihusu kampuni iliyoshinda, na kampuni kubwa ina vitengo vingi; sheria yenyewe inaruhusu ajira kwenye kitengo kisichotengeneza bidhaa ile ile. Ofisa wa juu anayetaka kazi kwa mkandarasi ndani ya miaka miwili lazima aombe barua ya ushauri wa maadili kutoka wizarani, na wizara hutakiwa kujibu ndani ya siku 30, lakini barua hizo huhifadhiwa ndani, umma hauzioni. Viapo vya marais ndiyo vyepesi zaidi. Januari 2017 Donald Trump aliwaapisha wateule wake kwamba hawatafanya ushawishi kwa idara zao kwa miaka mitano, na saa za mwisho za muhula wake wa kwanza, Januari 2021, akaifuta amri hiyo kwa kalamu ile ile. Bill Clinton alikuwa amefanya vivyo hivyo Desemba 2000.

Barack Obama alitumia njia nyingine. Aliweka kiapo cha kuwazuia washawishi, na siku hizo hizo akatoa msamaha kwa William Lynn, aliyekuwa mshawishi wa Raytheon, awe Naibu Waziri wa Ulinzi. Mwaka 2012 Lynn akaenda kuongoza DRS, kampuni ya Marekani inayomilikiwa na Finmeccanica ya Italia, ambayo sasa inaitwa Leonardo. Wapenda ndege wa Kenya wanaijua Leonardo: ndiyo iliyotuuzia C-27J Spartan za kubeba mizigo.

Kuna utetezi wa haki hapa, na wanaoupuuza hawajui kazi yenyewe. Mtu aliyesomea rada kwa miaka 25 hawezi kwenda kuuza vitambaa. Ukimfungia sekta nzima maisha yake yote, walio hodari hawatakubali kuingia serikalini, watabaki wale ambao kampuni haziwataki. Maofisa wa jeshi nao hustaafu wakiwa bado na nguvu zao. Kwa hiyo zuio la haki ni jembamba na refu: lisimfungie sekta, limfungie kampuni aliyoiandikia maelezo au kuisimamia, kampuni mama na tanzu zake zote pamoja, kwa miaka mitatu au minne, na serikali imlipe sehemu ya mshahara kwa muda huo. Ni ghali. Lakini kwenye mpango wa dola bilioni 20, ongezeko la bei la asilimia moja tu ni dola milioni 200.

Turudi kwetu. Katiba ya Kenya, ibara ya 77, inasema ofisa wa dola aliyestaafu na anayelipwa pensheni ya umma asishike zaidi ya nafasi mbili zenye malipo kwa wakati mmoja, awe mwenyekiti, mkurugenzi au mwajiriwa, kwenye kampuni ya serikali au chombo cha dola. Isome tena. Walichohofia waandishi ni mzee mmoja kulipwa na Hazina mara tatu. Kampuni binafsi inayoiuzia serikali hiyo hiyo haimo. Sheria ya ununuzi ya 2015 inamkaba aliye kazini asifanye biashara na taasisi yake. Siku anapokabidhi ofisi, kabari hiyo inalegea. Sheria ya Mgongano wa Maslahi iliyotiwa saini tarehe 30 Julai 2025 ndiyo inayowagusa wanaoondoka kazini, na imewekwa chini ya Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi. Ni hatua. Kwa ulinzi, hata hivyo, tume itakutana na ukuta mwingine: sheria ya ununuzi inaviruhusu vyombo vya usalama kununua baadhi ya vitu kwa orodha ya siri. Mkaguzi wa maadili atamuulizaje mstaafu kuhusu zabuni ambayo haikutangazwa?

Kumbukumbu yetu ya ufisadi wa ulinzi ni Anglo Leasing, yaani kampuni hewa na mikataba 18. Miongoni mwake ulikuwamo wa meli ya kivita KNS Jasiri, uliotiwa saini 2003, na meli yenyewe ikafika Mombasa 2012. Kashfa hiyo imetuzoesha kutafuta kampuni isiyokuwapo. Mlango unaozunguka hutumia kampuni iliyopo, yenye kodi iliyolipwa, hangari na wahandisi wa kweli.

Mahali pa kuangalia ni kwenye maelezo ya kiufundi. Chukulia, kwa mfano tu, zabuni ya boti za doria za Lamu. Anayeandika kwa haja ya kazi ataanzia majini: boti ipite mkondo wa Mkanda maji yakiwa yamekupwa, kwa hiyo kina chake kisizidi sentimita kadhaa ikiwa na mzigo kamili, ibebe watu kadhaa na silaha zao, ifike Kiunga na kurudi bila kujaza mafuta wakati wa kusi, injini iwe na fundi na vipuri pwani hii. Kila sharti lina sababu yake na kampuni sita zinaweza kulitimiza. Anayeandika kwa ajili ya muuzaji huanzia kwenye kijitabu cha muuzaji: urefu wa mita 12.4, si chini ya 12.3, mwinamo wa sehemu ya chini wa digrii fulani, skrini ya inchi fulani. Ni kanzu iliyokatwa kwa mabega ya mtu mmoja, halafu wote wakaalikwa kuijaribu. Sheria yetu, kifungu cha 60, inakataza kutaja chapa au mtengenezaji isipokuwa hakuna namna nyingine ya kueleza, na hapo lazima waongeze maneno ya kuruhusu kitu kingine kilicho sawa nacho. Wajanja hawataji chapa. Wanataja vipimo.

Mahali pa pili ni nyongeza za mkataba, ambako watu hawaangalii. Kampuni hushinda kwa bei ya chini, kisha bei hupandishwa kidogo kidogo. Kifungu cha 139 kimeweka mipaka: wingi wa bidhaa na huduma usizidi asilimia 15 ya awali, wa ujenzi asilimia 20, na nyongeza zote kwa pamoja zisiupandishe mkataba kwa zaidi ya asilimia 25. Mkataba unaoishia kwenye 24.8 unastahili kusomwa ukurasa kwa ukurasa, na jina la aliyeidhinisha liwekwe kando kwa miaka mitano ijayo.

Silaha zinazopitia kwa serikali ya Marekani zina njia yake, na hapo sisi tuko mbali zaidi na kalamu. Nchi huandika barua ya maombi, na inaruhusiwa ndani yake kuomba kampuni kwa jina. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani hukubali, Bunge lao huarifiwa, kisha huja hati ya ofa. Juu ya bei huongezwa ada ya usimamizi, ambayo tangu Juni 2018 ni asilimia 3.2. Januari 2017, siku za mwisho za Obama, ilitangazwa kwamba Kenya imeruhusiwa kununua hadi ndege 12 za Air Tractor AT-802L zilizowekewa silaha, na mbili za mafunzo, kwa hadi dola milioni 418, takriban shilingi bilioni 43 za wakati huo. Mkandarasi aliyetajwa ni L3, ile ile ya Manda. Mbunge wa North Carolina, Ted Budd, akadai uchunguzi, kwa hoja kwamba kampuni ya jimboni kwake, IOMAX, iliyokuwa na uzoefu wa ndege za aina hiyo, haikupewa nafasi ya kushindana. Huenda Budd alikuwa akipigania kura zake tu. Lakini swali la kwa nini kampuni hii na siyo ile liliulizwa kwanza Washington na mbunge wa kwao, wakati sahihi na pesa zingekuwa zetu.

Anayetaka kufuatilia kutoka Lamu au Malindi ana zana zaidi ya anavyodhani. Pentagon hutangaza kila siku ya kazi kandarasi zake kubwa, saa kumi na moja jioni ya Washington, yaani saa sita au saa saba ya usiku huku kwetu. Tovuti ya USAspending hukuwezesha kuchuja kwa mahali kazi inapofanyika, ukachagua Kenya. Data za ulinzi hucheleweshwa siku 90, kwa hiyo usishangae ukikosa ya mwezi uliopita. Kwa kampuni za hapa, fomu ya CR12 kutoka kwa msajili wa kampuni, kwa ada ndogo kupitia eCitizen, huonyesha wakurugenzi na wenye hisa. Kanuni za 2020 zinaitaka kila kampuni imweleze msajili anayemiliki asilimia 10 au zaidi hata akijificha nyuma ya jina la mwingine, ingawa daftari hilo halisomwi na kila mtu. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu ombi lako. Wizara ya Ulinzi ikijibu kwamba ni usalama wa taifa, omba sababu kwa maandishi, kisha upeleke malalamiko kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki ndani ya siku 30.

Usiombe idadi ya bunduki, utanyimwa, na kwa haki. Omba tarehe: rasimu ya kwanza ya maelezo ya kiufundi iliandikwa lini, kamati ya tathmini iliteuliwa lini, nani walikuwa wajumbe, nyongeza ya kwanza iliidhinishwa lini. Adui hafaidiki na tarehe hizo. Zipange kando ya tarehe za kustaafu zilizo kwenye Gazeti Rasmi la Serikali na majina ya wakurugenzi kwenye CR12. Pale mjumbe wa kamati anapotokea kwenye bodi ya mshindi kabla miezi 24 haijapita, malalamiko yaende kwa Tume ya Maadili yakiwa na nyaraka hizo tatu zimeambatanishwa, na nakala kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, ambaye huingia kwenye vitabu vya Wizara ya Ulinzi kila mwaka.